Simu ya 1879 na mkongo wa 2009: waya unaishia wapi?

Mitihani imeisha, waliobaki hosteli ni wale wanaosubiri nauli na wale wenye tafiti za kumalizia, kwa hiyo leo naandika ndefu kidogo. Mwenye haraka aje kesho.

Kuna ubishi ulianzia kwenye semina, ukahamia kantini, na mpaka leo haujapata mshindi. Jamaa zetu wa Uchumi wanasema hivi: ukishaleta intaneti ya kasi, ukanda mzima unapata ufanisi, basi, kazi imekwisha. Sisi wa Historia tukauliza: ufanisi wa nani? Wakatucheka, eti watu wa Historia tunajua kulalamika tu, hata tukiletewa neema tunauliza imetoka wapi. Sasa hii hapa ndiyo hoja yangu, na nimejitahidi iwe ya historia na siyo ya kulalamika.

Nasema hivi: jamaa wa Uchumi wako sawa kwamba waya unaleta ufanisi. Ushahidi upo, na nitautaja. Lakini pwani yetu imeshapata waya wa baharini mara mbili, 1879 na 2009, na matokeo hayakufanana hata kidogo. Tofauti haikuwa kwenye kasi peke yake. Ilikuwa kwenye maswali mawili: waya unaishia wapi, na ufunguo wa mlango anao nani.

Tuanze na huo ufanisi wenyewe, maana neno hili tunalirusharusha sana. Ufanisi kwa lugha ya sokoni ni kupata kilekile kwa kupoteza kidogo. Samaki wachache waoze, malori machache yarudi matupu, mzigo ulale siku chache bandarini. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua hautoki kwetu, unatoka jimbo la Kerala, India, upande wa pili wa bahari hii hii yetu. Mchumi mmoja, Robert Jensen, alifuatilia masoko 15 ya samaki ya ufukweni kuanzia 1996 hadi 2001, kipindi ambacho simu za mkononi zilikuwa zinaingia pwani ile wilaya moja baada ya nyingine. Samaki wenyewe ni sadini, ndugu wa dagaa papa wetu. Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997, kwenye soko la Badagara, wavuvi 11 walifika na samaki wakakosa mnunuzi, wakamwaga mzigo wote. Siku hiyo hiyo, kwenye masoko yaliyo ndani ya kilomita 15, walikuwepo wanunuzi 27 waliokuwa wanataka samaki na hawakupata. Hebu fikiria. Samaki wapo, walaji wapo, kilichokosekana ni mtu wa kusema "njooni huku".

Kabla ya simu, asilimia 5 hadi 8 ya samaki waliovuliwa pale walikuwa wanatupwa. Simu zilipoingia, wavuvi wakawa wanapiga wakiwa bado baharini, wanauliza bei, wanageuza boti kwenda penye wateja. Utupaji ukaisha kabisa. Faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Muuzaji kafaidi, mnunuzi kafaidi, na hakuna aliyeongeza hata wavu mmoja. Huo ndio ufanisi.

Jamaa wa Uchumi wanapenda sana mfano huu, na wana haki. Lakini angalieni kitu kimoja wanachokiruka: yule mvuvi alikuwa na boti. Akisikia bei nzuri kilomita 15 mbele, anageuza usukani anaenda. Habari ilimkuta mtu mwenye uwezo wa kuitumia. Nitalirudia hili baadaye.

Sasa turudi kwetu. Kabla ya waya wowote, habari za biashara pwani hii zilikuwa zinaendeshwa na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi ikayarudisha. Kama bei ya karafuu au pembe imebadilika Bombay baada ya jahazi kuondoka, mfanyabiashara wa Unguja hajui mpaka msimu ujao. Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja mara moja kwa mwezi, na watu wakaona hiyo ni kasi ya ajabu. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Habari nzito kama hiyo, ya kupandisha bei ya karafuu duniani, ilibidi nayo ipande meli kama abiria mwingine.

Halafu ukaja mwaka 1879. Na sababu ya waya kuja haikuwa karafuu, wala pembe, wala Sultan Barghash aliyekuwa anatawala Unguja wakati huo. Sababu ilikuwa vita. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu lilichakaza jeshi la Waingereza pale Isandlwana, Afrika Kusini. Habari ilifika London tarehe 11 Februari, karibu wiki tatu baadaye, kwa sababu ilibidi isafirishwe kwa meli mpaka ilipokutana na waya wa telegrafu huko Atlantiki. Wakubwa wa London wakashtuka: tunapigwa, na tunajua baada ya wiki tatu! Serikali ikatoa ruzuku, na kampuni ya Eastern and South African Telegraph ikatandika waya chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, kisha Msumbiji, Ghuba ya Delagoa ambayo leo ni Maputo, mpaka Durban. Mwisho wa mwaka ule ule kazi ilikuwa imekamilika.

Kwa wapenzi wa lugha: neno letu "simu" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Hapo zamani "kupiga simu" ilikuwa ni kupeleka ujumbe wa telegrafu, hakuna sauti ya mtu ndani yake. Kwa hiyo tunapobonyeza simu isiyo na waya hata mmoja, bado tunautaja waya kila siku. Hiyo ni ya bure, tuendelee.

Je, simu ile ya 1879 ilileta ufanisi? Ilileta, kwa waliokuwa kwenye ncha zake. Mfano wa namna inavyofanya kazi tunao kutoka sehemu nyingine. Waya wa telegrafu wa kuvuka Atlantiki ulipoanza kufanya kazi Julai 1866, mtafiti Claudia Steinwender amepima tofauti ya bei ya pamba kati ya New York na Liverpool akakuta ilipungua kwa asilimia 35 hivi. Akakadiria kwamba faida kwa uchumi ililingana na asilimia 8 ya thamani ya pamba iliyokuwa inauzwa nje. Pale Liverpool kulikuwa na soko, New York kulikuwa na soko, na wafanyabiashara wa pande zote mbili walikuwa na pesa ya kulipia maneno. Waya ukaunganisha soko na soko.

Kwetu waya uliunganisha London na mabalozi wake, jeshi lake, na nyumba kubwa za biashara pale Unguja. Ujumbe ulikuwa unalipiwa kwa neno, na bei ya neno moja haikuwa ya mtu wa kawaida, ndiyo maana makampuni yalikuwa na vitabu vya msimbo ili neno moja libebe sentensi nzima. Na waya uliishia ufukweni. Mwaka 1890 vikaongezwa vipande vya kwenda Bagamoyo, Dar es Salaam na Mombasa. Bado ni pwani tu.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa pembe aliyeko Ujiji. Kutoka pwani mpaka Tabora msafara ulichukua miezi miwili hadi mitatu kwa miguu, na Ujiji ni mbele ya hapo. Kabla ya 1879, wa Unguja na wa Ujiji wote wawili walikuwa wanabahatisha bei ya London. Wa Unguja alibahatisha kwa habari ya mwezi uliopita, wa Ujiji kwa habari ya nusu mwaka uliopita. Baada ya 1879, wa Unguja mwenye uwezo wa kulipia telegramu anaijua bei ya juzi. Wa Ujiji yuko palepale. Pengo kati yao halikupungua, liliongezeka. Huhitaji hesabu kubwa kujua wakikutana mezani kupatana bei nani ataumia. Waya wenyewe haukuwa na kosa lolote, uliwaongezea nguvu wale uliowakuta, na hao walikuwa tayari wana nguvu.

Waya wa bara ulikuja baadaye, ukifuata maboma ya Wajerumani na reli. Reli ya Uganda ilijengwa 1896 hadi 1901 ikiwa na waya wa telegrafu pembeni yake. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma 1914. Ukichukua ramani ya nyaya za wakati ule ukaiweka juu ya ramani ya reli, zinalaliana. Zote zinatoka penye mali zinaelekea bandarini. Tabora iliweza kuongea na Dar es Salaam, na Dar es Salaam na Ulaya. Kijiji na kijiji jirani, hapana.

Nadhani wa Uchumi hapo watasema: sawa bwana, huo ulikuwa ukoloni, leo ni mambo mengine. Haya, twende kwenye leo, lakini tupitie miaka ya kati kwanza.

Baada ya uhuru tulikuwa na shirika moja la posta na simu la Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot, Kenya, kilifunguliwa, na simu za kwenda mbali zikaanza kupita angani. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikabaki na shirika lake. Kwa hiyo intaneti ilipobisha hodi miaka ya 1990, pwani yetu ya mashariki haikuwa na mkongo wa kisasa wa baharini hata mmoja wa kuiunganisha na dunia. Karibu kila kitu kilipanda setilaiti.

Setilaiti za wakati ule zilikaa kilomita 36,000 juu. Ujumbe unapanda, unashuka upande wa pili, jibu linapanda tena, linashuka tena. Hata ukienda kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo inakula karibu nusu sekunde, kila unapobonyeza. Na bei yake sasa! Megabiti moja kwa sekunde ilikuwa inauzwa kwa jumla maelfu ya dola kwa mwezi. Wakubwa zetu waliosoma hapa chuo miaka ile wanasimulia foleni za intaneti kafe, unalipia nusu saa, barua pepe moja inafunguka dakika ya kumi na tano.

Kichekesho kilikuwa hiki: barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani yake, mtaa huo huo, ilikuwa inapanda setilaiti mpaka Ulaya au Marekani ndipo irudi Nairobi. Inalipiwa kwa dola kwenda na kurudi. Watoa huduma wa Kenya wakaamua kuunganisha mitandao yao wenyewe kwa wenyewe mahali pamoja ili mambo ya Nairobi yaishie Nairobi. Sehemu hiyo, inayojulikana kama KIXP, ilianza Novemba 2000. Wiki mbili tu, ikafungwa na mamlaka ya mawasiliano, baada ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya mawasiliano ya kimataifa, kulalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Ilichukua mpaka Februari 2002 kufunguliwa tena. Dar es Salaam ikapata ya kwake mwaka 2004.

Naomba muitazame hadithi hiyo vizuri, maana hapo hakuna mkoloni. Teknolojia ilikuwepo, vifaa vilikuwepo, wataalamu walikuwepo, akiba ya pesa ilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu. Kilichozuia ufanisi kwa zaidi ya mwaka ni swali la nani ana ufunguo.

Na swali hilo hilo ndilo lililochelewesha mkongo wa EASSy. Mazungumzo yake yalianza 2003. Mpango ulikuwa mkongo wa kilomita 10,000 hivi kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, mpaka Port Sudan, ukitua kwenye nchi zote za pwani. Watu wakaanza kuvutana. Upande mmoja, NEPAD na baadhi ya serikali walitaka mlango uwe wazi: mtoa huduma yeyote, mkubwa kwa mdogo, wa pwani au wa Kigali, anunue nafasi kwa bei ile ile. Upande mwingine, makampuni ya simu yaliyokuwa yanaweka mtaji yalitaka utaratibu wa kawaida wa chama cha wenye mkongo, ambapo wenye hisa ndio waamuzi. Waliokuwa wanadai mlango wazi walikuwa na mfano wa kuogopesha: mkongo wa SAT-3 wa Afrika Magharibi, uliozinduliwa 2002. Ule ulitua kweli, lakini ufunguo ulibaki kwa makampuni machache ya simu, na bei ikaendelea kuwa juu miaka na miaka kana kwamba hakuna mkongo.

Kenya ikachoka kusubiri, ikaamua kuvuta wa kwake, TEAMS, kutoka Mombasa mpaka Fujairah kwenye Falme za Kiarabu. Wawekezaji binafsi nao wakaja na SEACOM. Mashindano yakaanza. SEACOM ulichelewa kidogo kwa sababu ya maharamia wa bahari ya Somalia, ukawashwa tarehe 23 Julai 2009, ukitua Mombasa, Dar es Salaam, Maputo na Mtunzini, wenye uwezo wa terabiti 1.28 kwa sekunde. TEAMS ulifuata mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. EASSy ulipata mwafaka wa aina yake: taasisi za mikopo ya maendeleo zilikopesha kupitia kampuni ya WIOCC, kwa sharti kwamba hata wasio na hisa wauziwe nafasi.

Kwa hiyo tulikaa miaka 6 tukibishana, halafu ndani ya mwaka mmoja tukapata mikongo mitatu. Na naona ni bora ilikuwa mitatu kuliko mmoja. Mmoja ungetufanya kama SAT-3. Mitatu, yenye wenyewe tofauti, iliwalazimu kushindana. Bei ya jumla ilianguka sana. Ya rejareja, yaani hii ya bando letu, ilishuka polepole, lakini ilishuka.

Kitu kingine kilichoitofautisha 2009 na 1879 kilikuwa nchi kavu. Mwaka ule ule wa 2009 Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa mkopo kutoka China, na hatua zake mbili za kwanza zilipita kilomita 7,000. Haukuishia Dar es Salaam. Ulikwenda mikoani, ukafika mipakani: Tunduma na Kasumulu kwa ajili ya Zambia na Malawi, Rusumo na Kabanga kwa ajili ya Rwanda na Burundi, Mutukula kwa ajili ya Uganda. Kenya nayo ilikuwa na mkongo wake wa taifa. Kigali, isiyo na bahari, ikawa na njia mbili za kufika baharini, ya Mombasa na ya Dar es Salaam. Halafu mikongo hiyo ikakuta minara ya simu tayari imesimama, na watu tayari wana simu mfukoni. M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya Machi 2007 na Tanzania 2008, haikusubiri hata intaneti. Yaani waya wa baharini safari hii uliwakuta watu wa bara wakiwa macho.

Matokeo yamepimwa. Jonas Hjort na Jonas Poulsen walichapisha utafiti wao mwaka 2019 wakilinganisha, katika nchi 12 za Afrika, sehemu zilizofikiwa na nyaya za bara na sehemu ambazo hazikufikiwa, kabla na baada ya mikongo ya bahari kutua. Walikuta ajira ziliongezeka sehemu zilizounganishwa, zaidi kwenye kazi za ujuzi lakini hata wenye elimu ndogo walipata. Na hawakuona dalili kubwa kwamba kazi hizo zimehamishwa tu kutoka sehemu jirani. Wa Uchumi, hii chukueni, ni pointi yenu halali. Lakini someni tena jinsi walivyopima: walilinganisha penye waya wa bara na pasipo na waya wa bara. Faida ilifuata waya mpaka ulipoishia. Ni hoja yangu hiyo hiyo, imeandikwa kwa hesabu.

Mfano wa forodha nao ni mzuri. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia Himaya Moja ya Forodha. Mzigo wa Kampala au Kigali unalipiwa ushuru kule unakokwenda wakati bado uko bandarini Mombasa au Dar es Salaam, kisha unasafiri bila kuanza upya kila mpakani. Hilo haliwezekani kama karani wa Kigali na karani wa Dar es Salaam hawaoni karatasi ile ile kwa wakati mmoja. Ila angalieni: waya ulikuwepo tangu 2009, faida hii ilianza kuonekana baada ya wakubwa kukaa mezani na kukubaliana kuaminiana mihuri. Waya ulisubiri miaka mitano watu wapatane.

Sasa nirudi kwa yule mvuvi mwenye boti, niliahidi. Mimi ni mtu wa Rukwa. Kwetu wakati wa mavuno mahindi yanajaa mpaka watu wanayaweka sebuleni. Mkulima wa Sumbawanga leo anapiga simu, anajua kabisa Kibaigwa wananunua kwa ngapi na Dar es Salaam ni ngapi. Habari anayo, hakuna wa kumdanganya kama yule wa Ujiji. Lakini boti hana. Hana lori, hana ghala la kusubiria bei ipande, ada ya watoto inamsubiri Januari. Kwa hiyo anauza pale pale shambani kwa mwenye lori, akijua kabisa anapunjwa kiasi gani. Ile barabara ya lami ya Tunduma ilipofika Sumbawanga ndipo malori yalipoongezeka na wanunuzi wakaanza kugombania mzigo, na simu ikaanza kuwa na kazi zaidi ya kumhuzunisha mtu. Kerala waya ulikutana na boti. Kwetu inabidi ukutane na lami, ghala na mkopo wa riba inayolipika.

Kuna jambo la mwisho, nalo limetugusa wote hapa. Waya ukishakuwa mshipa wa uchumi, kukatika kwake ni ugonjwa. Februari 2012 mikongo mitatu ilikatika Bahari ya Shamu, EASSy ukiwemo, na siku chache baadaye meli iliyokuwa nje ya bandari ya Mombasa ikatupa nanga pasipotakiwa ikakata TEAMS. Waliokuwa na njia moja tu walilala giza, waliokuwa na SEACOM pembeni walisukuma mambo. Februari 2024 SEACOM ukakatika Bahari ya Shamu pamoja na mingine, kwa hiyo mzigo ukahamia njia ya kusini. Halafu tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM vikakatika vyote baharini karibu na Afrika Kusini. Mnaikumbuka Jumapili ile. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kenya waliyumba lakini walikuwa na TEAMS na PEACE za kushikilia. Tofauti kati yetu na wao siku ile haikuwa utajiri, ilikuwa idadi ya njia. Mikongo mingine imetua tangu hapo au iko njiani, kama 2Africa wenye vituo Mombasa na Dar es Salaam, na hilo ni jema.

Kwa hiyo wadau, siku mkisikia tena mkongo mpya unazinduliwa, utepe unakatwa na ngoma zinapigwa, furahini, sikatai. Lakini ulizeni maswali matatu kabla ya kuandika kwenye tasnifu kwamba ukanda umepata ufanisi. Moja, unaishia wapi: ufukweni, makao makuu ya mkoa, au kata? Mbili, nani ana ufunguo, na mtoa huduma mdogo wa Kasulu anauziwa kwa bei ile ile ya mkubwa wa Dar es Salaam? Tatu, ukikatika leo usiku tunapita wapi? Na kwa wa Uchumi nawaongezea la nne, la bure: aliyefikiwa na habari, boti anayo?

Wengi wetu hapa miaka michache ijayo tutakuwa ndani ya hizi ofisi za kupanga bei, kutoa leseni na kuchora ramani za kupitisha nyaya. Wale wa 1879 waliouliza swali la kwanza walikuwa London, na wakajijibu wao wenyewe. Safari hii meza iko kwetu.

Wa Uchumi leteni majibu, kantini bado iko wazi mpaka Ijumaa. Ila chai mlipe nyinyi, mna ufanisi.

Alamsiki.